Chai Mdomoni, Noti Kambani

Kuimba najua. Kusoma noti sijui, na sitajifanya. Shule niliiacha mapema, lakini kanisani sauti ya pili ni mimi. Nikikosa Jumapili, kwaya inayumba kama meza yenye mguu mfupi.

Mjukuu wangu wa gredi ya nne amerithi sikio hili. Alitaka filimbi hadi akaiota. Filimbi za shule ni chache, na mwalimu wa muziki alisema atampa mtoto anayesoma noti tu. Ijumaa moja tukaitwa kutazama. Mama yake alikuwa zamu kiwandani, Industrial Area, basi nikaenda mimi na magoti yangu, kutoka Kariokor ninakoshona mikanda ya vyondo, vidole vinanuka gundi.

Mwalimu alikuwa amechora mistari mitano ya chaki sakafuni, akapanga vifuniko vya soda juu yake. Kila kifuniko noti. Mtoto anaruka kimoja hadi kingine akiimba. Wangu akaimba vizuri mno, nikapiga makofi peke yangu. Mwalimu akasogeza vifuniko, akamwambia arudie. Akaimba wimbo uleule.

"Huyo anaimba ya kichwani, hasomi!" watoto wakacheka.

"Shosho, nyumbani mnafanyaje?" mwalimu akaniuliza.

"Mimi naimba, yeye anafuata."

"Basi usimwimbie tena. Wiki ijayo nitawapa wimbo wasioujua."

Nilirudi nyumbani nimechoka mwili, na sasa nimechoka moyo pia. Kitu kimoja ninachokiweza ndicho nimekatazwa.

Uani nikafunga kamba tano za nguo, moja juu ya nyingine. Pegi ikibana kamba ni noti. Soksi ikining'inia katikati ya kamba mbili, nayo ni noti. Ya chini kabisa ni mi, alisema mwalimu. Nyingine ahesabu mwenyewe.

"Mama, na sisi tuanike wapi, kwa do?" jirani akaniuliza, beseni kiunoni.

"Anika kwa dirisha lako."

Kila jioni nilihamisha pegi na soksi ovyo, nikakaa kwenye kigoda, miguu ndani ya maji ya chumvi. Akikwama, koo linaniwasha kama nimekula pilipili. Nikawa najaza chai mdomoni na kuishikilia hapo.

"Shosho, niimbie kidogo tu."

Natikisa kichwa. Alilia. Nilimwacha alie, chai ikipoa mdomoni.

Siku ya kuchaguliwa nilisikiliza nje ya dirisha la darasa, nimeegemea ukuta. Alikwama, akaanza upya, akafika mwisho. Wimbo wenyewe sijawahi kuusikia maishani.

Alitoka na filimbi imefungwa kwa leso.

"Shosho, pale katikati nilikosea?"

"Sijui. Huo wimbo siujui."

Akanikodolea macho. Kisha akaniambia, taratibu, kama anayemfundisha mtoto: "Nitakuimbia. Wewe ufuate."

Nikamwambia aningoje kwanza nikae chini.