Ntumba Mbele ya Sebule

Daktari wa kliniki ya sukari alisema neno moja, na kila mtu akasikia lake. "Bibi, mwili wako unataka kazi," alisema. "Tafuta kitu unachokipenda, ukifanye kila siku." Evans, mwanawe mkubwa, alisikia kwamba Mama atembee. Kristiana mwenyewe alisikia jembe.

Kristiana ana miaka sabini na mmoja, na karibu yote ameilima kule Mpui. Mwaka juzi alijikata kidole cha mguu akilima, na kwa sababu ya sukari kidonda kikagoma kupona miezi mitano. Evans akamchukua, akamleta kwake mjini Sumbawanga, na kila asubuhi alikuwa akikiosha kidonda kile kwa mikono yake. Siku walipoambiwa huenda kidole kikakatwa, baba mzima yule alitoka nje akalia. Bahati nzuri kidole kilipona. Evans akaapa kwamba mama yake na jembe ndiyo basi tena.

Mapenzi ya mtoto hayana ubaya, ila yakizidi yanabana pumzi. Kristiana aliwekwa kwenye kochi na rimoti mkononi. Akawa anameza vidonge vya sukari na vya presha, anakula, anatazama tamthilia, anasinzia. Sukari ikapanda hadi kumi na nne. Baada ya agizo la daktari akaanza kuizunguka nyumba, mara kumi asubuhi, mara kumi jioni, kama mtu aliyepoteza sindano.

"Mama Evans, unatafuta nini humo?" Mwantum alimwuliza siku moja kutoka ng'ambo ya ua. Huyu Mwantum ni jirani, mama wa Wampembe, kando ya Ziwa Tanganyika, aliyeolewa mjini na mwenye duka la vitenge. Yeye naye ana sukari, na urafiki wao ulianzia kwenye benchi la kliniki.

"Natafuta afya, Mama Ridhiwani."

"Ukiiona, uniite."

Sasa, mbele ya sebule kulikuwa na ukoka. Evans aliutoa Mbeya kwa magunia, akaupanda, akaumwagilia, na Jumapili wageni walipigia picha hapo. Lakini Mfipa wa umri wa Kristiana akiona nyasi nzito namna ile, mvua za Machi bado zinanyesha na wala hakuna mbuzi wa kuzila, haoni urembo. Anaona shamba linalosubiri mwenyewe. Nyasi hukatwa pamoja na udongo wake, zikapinduliwa na kurundikwa duara, kisha zikafunikwa zioze humo ndani, na maharage yakipandwa juu yanashiba. Tuta hilo ndilo ntumba, na wazee wa Ufipa walilitegemea kabla mfuko wa kwanza wa mbolea haujafika huku. Mwezi mzima Kristiana alikuwa akiutazama ule ukoka, roho inamwuma.

Evans akasafiri siku tatu kwenda Mpanda kufuata mbao. Mkewe Asnath, ambaye ni mwalimu, alitoka mapema kwenda shuleni. Saa mbili asubuhi Kristiana alikuwa mlangoni kwa Mwantum, anaomba jembe.

"Mwanao anajua?"

"Atajua."

Mtu asije akasema hakujihadhari. Alikunywa uji wa ulezi usiotiwa sukari, akameza dawa zake, akavaa soksi mbili nene na mabuti ya mvua ya Asnath. Mwantum alikuja kumzuia. Kabla ya saa nne kizuizi chenyewe kilikuwa kimejifunga kanga kiunoni na kinabeba madongo. Kwenye pindo la kanga alikuwa amefunga pipi mbili, sukari isije ikashuka ghafla ikawaangusha wote wawili.

"Sisi wa ziwani tunajua samaki," Mwantum alilalamika. "Haya makaburi yako mimi siyawezi."

"Zungusha duara, acha maneno."

Goti lilimwuma Kristiana, akawa anapumzika kila anapomaliza tuta. Lakini alikuwa na furaha jamani, furaha ya kujaa kifua! Akaanza kuimba nyimbo za kulimia za Kifipa, na Mwantum, asiyejua hata neno moja, akaitikia hivyohivyo.

Asnath aliporudi mchana alisimama getini ameziba mdomo. "Mama! Mwanao, Baba Gabriel, atasema nini?" Halafu kicheko kikamshinda. "Mimi sijaona kitu," akasema, akapita ndani.

Siku ya tatu ntumba zilifika ishirini na tatu. Kipande kidogo tu cha ukoka kilibaki upande wa geti, na alasiri hiyohiyo Evans akashuka kwenye gari.

"Mama, ukoka wangu uko wapi?"

"Upo, mwanangu. Uko ndani."

Nyuma ya ua Mwantum aliangua kicheko. Evans hakucheka. Alimshika mama yake mkono, akamketisha barazani, akapiga magoti na suruali yake ya safari, akaanza kumvua mabuti.

Hapo mzaha ukamwisha Kristiana. Mkwaruzo mmoja tu, na jembe halitarudi tena mkononi mwake maisha yake yote. Naye mwenyewe hakuwa na uhakika, maana nyayo zake zina ganzi na mwiba unaweza kuingia asisikie. Evans alipitisha kidole gumba kati ya kidole na kidole, polepole, akageuzia wayo kwenye mwanga, kisha kisigino. Alipomaliza, akaanza upya kutoka kidole cha kwanza. Ndipo Kristiana alipotambua kwamba mwanawe hakuwa amekasirika. Alikuwa anaogopa.

Hapakuwa na jeraha.

"Ningekuomba, ungekataa," alisema Kristiana kwa upole.

"Ningekataa."

"Basi miguu hii ikague kila jioni, ni yako. Lakini mikono niachie mwenyewe."

Evans aliinuka. Aliingia ndani akatoka na kile kimashine cha kupimia, akamtoboa kidole, wakasubiri. Nane nukta mbili. Akakitikisa, akapima tena. Ikaja ileile.

"Hakijaharibika," Asnath alisema kutoka dirishani.

Evans alisimama akaziangalia ntumba, moja baada ya nyingine, akainama akafikicha udongo kidogo. Kisha akalichukua jembe lililoegemezwa ukutani.

"Hili la Mama Ridhiwani linarudi kwake leo hii."

Moyo wa Kristiana ukashuka.

"Mpini wake mfupi," aliendelea Evans. "Unakuinamisha mno, utaumia mgongo. Kesho nakununulia lenye mpini wa kimo chako."

Macho yalimlowa Kristiana, akayafuta kwa ncha ya kitenge. Akakitazama kile kipande kilichobaki pale getini, akamtazama mwanawe kuanzia viatu hadi kichwani kama anayempima kimo.

"Nunua mawili," akamwambia.