Gauni la Puleki na Moshi wa Udi

Binti yangu alipotimiza miaka kumi na sita alikuwa na ombi moja tu kwangu: gauni la puleki ambalo halitamkwaruza. Shule yao, kama shule nyingi za London, huwafanyia watoto sherehe ya kumaliza mitihani. Wenyewe wanaiita prom, na wasichana huanza kuizungumza hata kabla hawajafungua vitabu vya hiyo mitihani. Wenzake walikuwa wanapanga kukodi gari refu jeupe. Wangu alitaka kung'aa tu, na ang'ae bila kuumia, kwa sababu tangu mchanga ana pumu ya ngozi. Kwapani, ndani ya viwiko, shingoni, kitambaa kikimsugua kidogo tu ngozi huwaka nyekundu na usingizi humtoka.

Mimi nililiona ombi jepesi. Asiyewahi kuvaa puleki hajui. Ni vile vidude vidogo vya plastiki, vya mviringo, vinavyoshonewa juu ya nguo vikalaliana kama magamba ya samaki. Kwa mbali ni nyota, lakini kwapani ni msumeno.

Jumamosi tatu tulizunguka maduka yaliyo nyuma ya vibanda vya soko la Walthamstow, na mimi nikajitia fundi. Nilimfundisha kuligeuza gauni ndani nje kabla hata ya kulipima, apitishe nyuma ya mkono wake kwenye mishono, aone bitana imefika mpaka kwapani au imeishia kifuani kwa ubahili wa mshonaji. Yeye akaongeza mtihani wake. Akishalivaa anainua mikono juu, anakaa, anainama kufunga kiatu cha kufikirika, kisha anakunja mikono kama mtu anayesubiri basi lililochelewa. Akitoka na alama nyekundu, gauni linarudi kwenye hanga. Nilimsemesha kwa Kiswahili, akanijibu kwa Kiingereza kama kawaida yake, na tulicheka sana. Sijui kama nimewahi kuwa na Jumamosi nzuri kuliko zile, na ndiyo maana naona tabu kuzikumbuka.

Jumamosi ya tatu tukaingia kwenye duka jembamba la mama mmoja mwenye utepe wa kupimia shingoni. Gauni lilikuwa la buluu iliyokolea, karibu na nyeusi. Puleki zake zilikuwa ndogo, hazipigi kelele, zimeshonewa juu ya wavu laini unaovutika. Bitana ilikuwa laini kama shuka iliyofuliwa mara nyingi, na imezunguka mpaka ndani ya kwapa. Mikono ilikuwa ya wavu mtupu, bila puleki hata moja. Mwanangu akainua mikono, akainama, kisha akakaa chini kabisa, palepale kwenye zulia la duka, miguu ameikunja, akatulia. Aliniambia haliumi popote. Alilisema kwa sauti ya chini, kama anaogopa gauni litamsikia na kubadili nia.

Kisha akasimama na kugeuka. Mgongo ulikuwa wazi mpaka katikati, na gauni limemshika kila mahali. Nikaona kitu ambacho sikuwa nimejitayarisha kukiona: mwanangu ana kiuno. Nikamwambia, "Limekupendeza." Nilikuwa nacheka, lakini ni meno tu.

Alipokuwa nyuma ya pazia anavaa nguo zake, yule mama wa duka akaniinamia na kunionya. Gauni hili lisiguswe na pasi, wala mashine ya kukaushia nywele, wala joto lolote. Plastiki yake ikipata moto inajikunja, na ikishajikunja haina dawa. Nikatikisa kichwa kwamba nimesikia. Niliyesikia ni mimi peke yangu.

Jioni ile nikampelekea dada yangu wa Unguja picha. Hakuandika, alipiga.

"We! Mgongo wote huo nje wa nini?"

"Ah, dada, watoto wa siku hizi."

"Hao watoto wa siku hizi hawana mama?"

Nilicheka, tukazungumza mengine, lakini lile neno lilinikaa moyoni. Wiki mbili zilizofuata nilimzunguka mtoto kwa upole wa kinafiki. Vipi ukijitupia mtandio? Vipi kikoti kifupi juu? Kila mara alinijibu kwa adabu kwamba kitamkwaruza, na kweli kingemkwaruza. Baba yake akaniambia, "Umekubali dukani, unageuka nyumbani? Mwache mtoto avae." Alikuwa na haki, nami ndiyo nikazidi kununa.

Hata hivyo tulipanga naye mavazi yote mpaka mwisho. Kwa kuwa gauni lenyewe linasema, tuliona shingo ibaki tupu na masikioni avae vipuli vyangu vidogo vya dhahabu. Nywele zibanwe chini, kisogoni. Viatu vya fedha vya chini, visivyo na kisigino, alivivaa nyumbani na soksi siku nne ili vimzoee. Mkobani aliweka marhamu yake ya ngozi na kitambaa. Alikuwa amefikiria kila kitu, mtoto yule.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Mchana akaenda kwa rafiki yake, nyumba ya tano kutoka kwetu, kutengenezwa nywele. Gauni likabaki limetundikwa kwenye mlango wa kabati langu.

Kwetu nguo ya shughuli haivaliwi bila kufukizwa udi. Mama yangu alinifukizia, na mimi nimefukizia kila kitu kilichotoka nyumbani kwangu, hata sare za shule. Ila mwanangu alishaniomba niache. Shuleni kuna msichana alimwambia koti lake linanuka kama nyumba iliyoungua, na akaniomba, kwa machozi, nisimfukizie tena nguo za kwenda huko. Nilimuahidi. Ijumaa ile nikajiambia nitatia kidogo tu, kwenye bitana, hata hatatambua, na usiku ule apate harufu ya kwao. Nikawasha kidonge cha makaa kwenye jiko la gesi, nikakivika king'ora cha moshi cha darini kofia ya kuogea ili kisipige kelele, nikatia makaa na udi kwenye chetezo, nikakiweka chini ya kianikio cha nguo na kulitandaza gauni juu yake.

Sasa naandika nisichowahi kumwambia mtu. Makaa ya kufukizia nguo huachwa kwanza yavae jivu, na chetezo hukaa pembeni, moshi ndio ufuate nguo. Nayajua haya tangu nina miaka minane. Siku ile niliweka makaa mekundu, nikayaweka chini kabisa ya kiuno cha gauni, nikaenda jikoni. Nikawa naosha vikombe. Harufu ikanifikia, na haikuwa ya udi. Nilijua papo hapo ni ya nini. Nilikuwa na kikombe mkononi. Nikamaliza kukiosha, nikakisuuza, nikakifuta, nikakiweka mahali pake. Ndipo nikakimbia, huku napiga ukelele, "Mama yangu weee!" na nyumbani hakukuwa na mtu wa kunisikia.

Sisemi nilipanga. Nimejiuliza miaka yote na sina jibu la kunisafisha. Ninachojua ni kwamba kikombe kile kingeweza kusubiri.

Palikuwa na doa kubwa kama sahani, kutoka kiunoni mpaka nyongani. Puleki zimejikunja na kukakamaa, kingo zimekuwa kali. Nilijaribu kuzinyoosha kwa kidole gumba zikanikata.

Akarudi, nywele zimebanwa vizuri, uso unacheka. Alipoliona gauni hakupiga kelele. Alilaza kiganja juu ya lile doa, akakiacha hapo. Kisha akaniuliza kwa Kiingereza, neno moja moja, kama nimefanya kusudi.

"Wallahi si kusudi!"

Ilinitoka haraka mno. Mimi si mtu wa kuapa ovyo, nyumbani nawakataza, na siku ile jina la Mungu lilinitoka kama mate. Hapo ndipo alipolipuka. Alisema sikulipenda gauni tangu dukani. Alisema najali watakachosema Zanzibar kuliko yeye anachohisi mwilini mwake. Alisema hatamwamini tena mtu yeyote na kitu chake. Yote yalikuwa kweli, nami nikakaa kitandani nikalia. Machozi hayakuwa ya uongo, na yalinifaa kuliko kiapo. Baba yake alipoingia alinikuta nalia na mtoto amesimama juu yangu anafoka. Yeye aliyekuwa upande wa mwanawe siku zote akageuka.

"Hivyo ndivyo unavyosema na mama yako? Kwa gauni?"

Mtoto akaenda kufungua kabati lake. Wakati wa kununua jingine haukuwepo. Akavaa gauni lake la Idi, la mahameli ya kijani, mikono mirefu, shingo ya juu, katika joto la Julai. Nilimfunga zipu mwenyewe. Nilimvisha vipuli. Alisimama wima akaniacha nimtengeneze kama nguo kwenye hanga. Nikampiga picha mlangoni na kumtumia dada.

Akajibu upesi: "Mashallah! Sasa huyo ndiye mtoto wetu. Umelea, mdogo wangu." Nami nikaandika Alhamdulillahi, nikaweka na moyo mwekundu.

Baba yake alikwenda kumchukua kabla sherehe haijaisha, kwa kuwa mwenyewe aliomba. Mtoto aliingia akapita sebuleni moja kwa moja mpaka chumbani kwake. Shingo yake ilikuwa mbichi, kama aliyemwagikiwa maji ya moto.

Kwa kafara ya kile kiapo nilikuja kufunga siku tatu, nikawaambia watu nafunga sunna. Baadaye nilimsikia ustadhi mmoja akidarasisha wanawake kwamba kiapo cha uongo wa makusudi hakifutwi kwa saumu. Kinataka toba, na toba ya haki ya mtu haitimii mpaka umwendee mwenye haki yake umwambie. Nilitazama zulia mpaka darsa likaisha. Mwenye haki yake sasa ni mwanamke mzima, ana nyumba yake, hunipigia kila Jumapili. Bado sijamwambia.

Na si kwamba sikupata nafasi. Niliipata asubuhi iliyofuata ile sherehe, Jumamosi, nikiwa nakaanga mandazi. Alikuja akasimama mlangoni pa jikoni, amevaa fulana kubwa ya baba yake, marhamu inang'aa shingoni na mikononi. Mtoto huyu tangu aanze shule alikuwa ananielewa Kiswahili na kunijibu Kiingereza. Asubuhi ile alizungumza Kiswahili, pole pole, maneno ameyapanga, nadhani ameyarudia kitandani mpaka akayashika.

"Mama, niwie radhi. Jana nilikusemea vibaya. Wewe uliapa na mimi sikukuamini."

Nilidhani baba yake ndiye aliyemtuma. Nilikuja kumuuliza mume wangu, akasema hajui lolote.

Mafuta yalikuwa yanachemka, nikapunguza moto. Nilikuwa na la kumwambia, na halikuwa refu. Nikaitazama ile shingo. Nikafuta mikono, nikamwekea kichwani ule wa kulia, nikamjibu kama mama yeyote anavyomjibu mtoto aliyekosa.

"Nimekusamehe, mwanangu. Lakini usirudie tena."