Shamba la Dada Kwenye Simu

Dada yangu alikuwa akilima mara mbili kwa siku. Asubuhi alilima maharage yetu hapa Bukiriro, na mchana, jembe likiwa limeegemezwa ukutani, alilima kwenye simu. Ulikuwa mchezo wa shamba: unapanda mahindi, unamwagilia, unavuna, na mkulima wake ni kamwanamke unakokachagulia nguo mwenyewe. Kamwanamke ka dada kalivaa kitenge cha njano, kama chake.

Alicheza toleo la zamani, alilorushiwa na fundi simu wa Kabanga. Toleo jipya lilitaka akaunti, barua pepe, nywila, na intaneti kila unapolifungua. Nilimshauri abadilishe, maana lilikuwa na picha nzuri zaidi. Akanicheka.

"Shamba ni langu," alisema. "Nipige hodi kwa nani?"

Aliugua siku nne tu. Tukamzika.

Kwetu sisi, ambao wazee wetu walitoka Burundi, msiba ukiwa nyumbani jembe haligusi udongo mpaka matanga yaanuliwe. Simu yake nilibaki nayo mimi. Siku ya pili baada ya mazishi, waombolezaji wamekaa uani, ikatetemeka mfukoni mwangu. Nilidhani ni mtu ambaye hajapata habari. Kumbe ni mchezo: mahindi yako yamekomaa, njoo uvune. Kesho yake, saa ileile, ikatetemeka tena. Ningeweza kuvuna kwa kidole kimoja. Sikuvuna. Nilisema moyoni, shamba ni shamba, na matanga ya mwenyewe bado hayajaanuliwa. Lakini simu niliichaji kila siku kwa sola, nikiogopa kuiacha izimike.

Tulipoanua matanga, watu wakarudi mashambani, nami nikafungua mchezo. Kila kitu kilikuwa kimenyauka. Mchezo ule haujui msiba, unahesabu saa tu. Nililia kuliko nilivyolia kaburini, na nilijichukia, maana mahindi yale ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yake na nimeyaacha yaoze kwa kushika mila.

Nikaenda Kabanga kwa fundi yuleyule. Alisema toleo jipya linafufua mazao, ila lazima uingie kwa akaunti ya mwenye shamba. Akaunti dada hakuwa nayo. Basi, akasema, nifungue yangu, nitapewa shamba jipya na hili litafutika. Kidole chake kilikuwa tayari juu ya kioo. Nilimpokonya simu nikaondoka bila hata kuaga. Njia nzima ya kurudi niliifumbata kifuani, nikiwaza jinsi nilivyokaribia kumzika mara ya pili.

Nyumbani niliamua kulisafisha shamba hivyohivyo lilivyo. Nilikaa barazani mchana, nikabonyeza mstari wa kwanza wa mabua. Yule mwanamke wa kitenge cha njano akageuka, akatembea hadi pale, akainama na kuanza kung'oa. Nikabonyeza mstari wa pili. Akaenda. Wa tatu. Akaenda. Hakuchoka, hakunung'unika, na mimi nilikuwa na furaha ya ajabu kumwona akitembea.

Mama alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu saa ngapi. Akauliza huyo ni nani. Nikamweleza yote. Akamtazama vile alivyoinama kwenye mabua.

"Mwanangu," alisema, "umemrudisha kulima?"

Nikaondoa kidole kwenye kioo. Niliona aibu.

"Mwambie aingie ndani apumzike."

Nikabonyeza mlango wa nyumba yake ndogo. Akanyooka, akavuka shamba polepole, akaingia, mlango ukajifunga. Mama akarudi jikoni. Mimi nilibaki nikitazama shamba lisilo na mtu, na hadi leo kidole changu hakijaugusa mlango ule tena.