Vifaranga Waliomkimbia Baba

Nilipokuwa mtoto kule Kemambo, hakukuwa na kifaranga wa kunikimbia mimi. Uliza mtu yeyote wa upande wetu. Mtoto mwingine akikanyaga uani, vifaranga wanasambaa kama wameona mwewe. Nikikanyaga mimi, wanakuja kunipanda miguuni na kunidonoa vidole, kama vile mimi ndiye mama yao na nimechelewa kurudi. Sisemi haya kwa majivuno. Haya basi, ni majivuno, lakini bila hayo hutaelewa kwa nini mtu mzima, baba yangu mwenyewe, alikuja asubuhi moja akachuchumaa mbele yangu akaniomba nimfundishe.

Ilikuwa miaka ile ya rashi, dhahabu ilipowapanda watu kichwani. Vijana walikuja kutoka kila upande, mpaka ndugu zetu wa Kenya walivuka. Wakachimba mlimani, wakachimba kandokando ya njia, wakachimba hata nyuma ya vyoo vya watu. Mchana baruti zikilia, masufuria yanatikisika juu ya kichanja. Vifaranga walioanguliwa miaka ile walitoka kwenye yai na hofu yao tayari. Baruti moja tu, wanakimbia ovyo nje ya ua, na huko nje juu kuna mwewe na chini kuna mashimo. Asiyeliwa anatumbukia. Kwa hiyo kuwazoesha mkono wa mtu haukuwa mchezo wa kitoto. Kifaranga anayekukimbilia wewe akishtuka, huyo ndiye anayekuja kuwa kuku.

Namna yangu ilikuwa hii, na ukiiiba sikushtaki. Usisimame. Ukisimama wewe ni mwewe mwenye miguu. Kaa chini kabisa, makalio mavumbini, mgongo ukutani. Mtetea mfunike kwa tenga hapo karibu, watoto wamwone lakini yeye asikurukie machoni. Mkono usiushushe kutoka juu, maana kwa kifaranga kila kinachotoka juu kinaua. Ulaze chini, kiganja wazi, umenyee kipande cha kichuguu mchwa wamwagike. Halafu usiwaangalie. Tazama mbali, toa sauti ndogo, ileile kila asubuhi. Mimi niliimba. Mwanzoni hawaji. Halafu anakuja mmoja, mwenye njaa kuliko aibu, na huyo akila wenzake wanafuata.

Bibi alikuwa akinitazama kutoka kwenye kigoda chake, anapepeta mtama, hasemi kitu. Huyu ni mama yake baba, na jina langu la Bhoke nimelichukua kwake. Ndiyo maana baba alipokuwa na furaha aliniita mama, na alipokuwa na hasira aliniita mama vilevile, apate kujizuia asinichape. Mama mzazi wakati ule alikuwa ng'ambo ya mpaka anamuuguza mama yake, kwa hiyo nyumbani tulikuwa watatu.

Baba alichimba duara, yaani shimo la dhahabu, pamoja na rafiki yake Marwa na vijana wengine. Mchana mmoja ukuta wa duara ukaporomoka ukamfunika mpaka shingoni. Walimfukua kwa mikono na masufuria. Mimi nilimwona akija kwa miguu yake mwenyewe, mwekundu mwili mzima, anacheka. Kicheko hicho ndicho kilichonitisha kuliko udongo.

"Udongo umenionja," akasema, "ukaona nina chumvi nyingi, ukanitema."

Marwa na wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Bibi hakucheka.

Kesho yake asubuhi baba alitoka ndani kwenda kunawa. Vifaranga walikuwa miguuni pangu, wametulia kabisa. Alipofika katikati ya ua, wote wakaruka. Wote! Hata wale wakubwa wakubwa walioanza kuota manyoya ya mabawa. Mmoja alijipenyeza chini ya mlango wa ghala akakwama huko, analia.

"Umeona?" bibi akasema.

"Nimeona nini, mama?"

"Mtu aliyeshikwa na udongo akaachiwa, hajarudi mzima. Kipande chake kimebaki chini. Sisi hatukioni. Vifaranga wanakiona."

"Mama, hawa wanaogopa hata kivuli cha ndoo."

"Vifaranga wasipokula mkononi mwako, wewe bado ni mali ya udongo. Ukishuka kabla ya hapo, utakumalizia."

"Mwamba umeanza kuonyesha dhahabu! Wenzangu wananisubiri."

"Wakusubiri. Na ukishuka, usiniite mama tena."

Kwetu neno kama hilo mama akishalitoa, humrudishii hata kwa ng'ombe. Baba akaimwaga kata ya maji, akarudi ndani. Siku hiyo hakwenda mlimani.

Sasa wewe fikiria mtoto anasikia hayo. Kipande cha baba yako kimebaki chini! Nilianza kumchunguza. Akila, namkodolea macho nione ni wapi palipopungua. Akivua shati, nazunguka nyuma yake. Masikio yapo mawili. Vidole vyote vipo. Nikawaza, basi kitakuwa cha ndani, na hicho ndicho kibaya zaidi, kwa sababu hata ukikipata utakirudisha kwa mlango gani?

Baba alijaribu peke yake kwanza. Alisimama katikati ya ua na hindi kavu, akarusha punje kama anapanda shamba, akaita kwa sauti ya kuitia ng'ombe. Vifaranga walihamia kwa jirani. Nilicheka kwa siri, halafu nikalia kwa siri. Ndipo asubuhi iliyofuata alipokuja kuchuchumaa mbele yangu, macho yanatazama mlima.

"Mama," akaniambia, "wewe unawafanyaje?"

Unajua utamu wa mzazi kukuuliza kitu asichokijua? Nilivimba kama chura. Nikampa masharti yote. Kaa chini. Chini zaidi. Mgongo ukutani. Wewe ni baba gani huwezi kukunja miguu? Laza mkono. Akaulaza. Nikammenyea kichuguu, mchwa wakamwagika kiganjani. Wakaanza kwenda huku na huku, nikadhani wana haraka ya kwenda mahali. Kumbe si mchwa. Mkono wenyewe ndio uliokuwa unakwenda. Ulitetemeka kidogo tu, kama sufuria baruti ikilia mbali, lakini haukuacha.

Nilimtazama usoni.

"Baridi," akasema.

Jua lilikuwa linatuchoma utosini.

Huyu ni mwanaume aliyesimama tohara bila kupepesa jicho, na hadithi hiyo tulisimuliwa kila Krismasi, yeye mwenyewe akionyesha alivyosimama. Sasa ningemwambia nini? Nikamwambia, "Ndiyo baba, kuna baridi." Vifaranga walifika mpaka urefu wa fimbo kutoka kwake, wakanyoosha shingo, wakauona mkono unavyocheza, wakarudi mbio.

Kuanzia hapo hofu yangu ikawa na vichwa viwili. Wasipokula, kipande cha baba kiko chini. Wakila, bibi atamruhusu, naye atakwenda chini mzima mzima. Kwa vyovyote udongo unampata, na mwalimu anayemfundisha ni mimi. Kila asubuhi nilimkalisha ukutani, na moyoni naomba leo wale, na kabla sijamaliza naomba leo wasile. Hata Mungu alichanganyikiwa na mimi.

Marwa akachoka kungoja. Alikuja na mtama umefungwa kwenye kitambaa, ananukia toka mlangoni.

"Mwita, utaaibika mpaka lini? Duara zima linamngoja kuku! Wape hii."

"Ni nini?"

"Mtama. Umelala kwenye gongo."

Mimi nilisema hapana, lakini nani anamsikiliza mwalimu mwenye urefu wa jembe? Wakaumwaga chini. Vifaranga wakala, maana Marwa na baba walikwenda kusimama mbali. Baada ya muda mmoja akakaa ghafla, kama mzee aliyekosa kiti. Mwingine akaenda upande upande mpaka akagonga kigoda cha bibi. Baba akarudi kukaa ukutani akalaza mkono, na watatu wakaujia wenyewe, si kwa kula, ni kwa kuuegemea.

"Mama!" Marwa akaita. "Njoo uone! Wamekubali!"

Bibi akaja. Akamwokota yule aliyegonga kigoda, akamnusa mdomo.

"Huyu kakubali," akasema. "Mmewalewesha watoto. Na wewe Marwa, ukifa wakulaze kwenye gongo hiyohiyo, labda udongo nao utakukubali."

Marwa alitoka bila kuaga. Vifaranga wawili hawakuamka tena. Nilimwona baba akiwachukua kwenda kuwafukia nyuma ya ghala, akachimba kishimo kidogo kwa jembe, halafu akasimama juu ya kishimo kile muda mrefu mno kwa vifaranga wawili tu. Nilikwenda kumshika shati. Alikuwa ameloa jasho.

Asubuhi iliyofuata alikaa ukutani mwenyewe, kabla sijamwita. Nikamwambia bado kitu kimoja: sauti. Lazima wasikie sauti yako ndogo, ileile.

"Mimi sijui kuimba, mama."

"Basi ongea."

"Niongee nini na kuku?"

"Chochote. Polepole. Na usiwaangalie."

Halafu akaanza kuongea, anatazama mbali, kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo. Alisema kule chini kulikuwa na giza la moto. Alisema aliwasikia wenzake juu wakimwita, na yeye alikuwa na mdomo lakini hakuwa na pumzi ya kuujaza. Alisema udongo haukumkaba mara moja. Kila alipotoa pumzi, kifua kikishuka, udongo ulichukua nafasi ile, na alipotaka kuvuta tena nafasi haikuwepo. Kwa hiyo akajifunza kutoa kidogo. Kidogo kuliko kidogo. Alikumbuka kwamba hajamalizia kuezeka jiko. Alisema aliniita mimi kwa jina, akawa hana hakika anamwita mtoto au anamwita mama yake.

Mlio wa ungo wa bibi ulikuwa umekoma.

Aliongea hivyo asubuhi nyingi, na kila asubuhi kisa kilikuwa kilekile lakini kirefu zaidi, na mkono ukawa unacheza kidogo zaidi. Sikuiona siku mkono ulipotulia. Niliona tu kwamba kifaranga mweupe, mwoga kuliko wote, amesimama kwenye kidole gumba cha baba na anadonoa mchwa, na mchwa wanakwenda wanakotaka wao. Wakaja wengine. Baba aliendelea kuongea kama hajui.

Mimi nilikuwa nimesimama karibu na ghala na viganja vyangu viko tayari. Kofi moja, wangetawanyika wote, na baba angebaki nyumbani. Nilijua hivyo vizuri kabisa. Lakini wale walikuwa wanafunzi wangu, na yeye pia, na sijui, mtu huwezi kufelisha darasa lako mwenyewe. Nikaificha mikono kwapani.

"Haya," bibi akasema kutoka kigodani. "Nenda."

Akaenda. Nilikaa mlangoni nikisubiri baruti za mchana. Baruti zilikuwa bado hazijalia nilipomwona anashuka njiani, mwendo wa kawaida, nguo safi, na Marwa nyuma yake anapayuka watu wote wasikie.

"Mwita! Wenzako wameshika kamba, wewe umerudi kulalia mayai?"

Baba akaingia uani, akageuka.

"Matimba ya chini yameoza," akasema. Matimba ni miti ya kuzuia ukuta wa duara. "Nimeyashika kwa mkono. Sishuki mpaka yabadilishwe."

"Tangu lini unapapasa miti? Ulikuwa unaruka tu ndani!"

"Tangu sasa. Naogopa."

Nadhani Marwa alikuwa hajawahi kumsikia mwanaume wa rika lake akilitamka neno lile. Alitazama kwa bibi kama anamwomba amkanye mwanawe. Bibi alikuwa anapuliza makapi kwenye ungo.

Watu wanaosimulia kisa hiki vilabuni huongeza kwamba duara lilianguka wiki ileile. Ningependa sana niongeze na mimi, na mnajua ningelipamba likapambika. Halikuanguka. Wenzake walishuka na matimba yaleyale, wakapata dhahabu, Marwa akanunua pikipiki na kupita nayo mbele ya ua wetu mara nyingi kuliko njia ilivyohitaji. Baba hakurudi tena chini. Tulilima mihogo. Mimi niliacha shule kidato cha kwanza, michango ilipokuwa mingi kuliko mihogo, na siku nyingine nikiiona pikipiki ile nilikuwa nawaza kwamba kofi lisilopigwa na kofi lililopigwa yangetufikisha palepale.

Nilipokua nilimuuliza bibi ile habari ya kipande kinachobaki chini aliipata kwa nani, kwa mama yake au kwa wazee wa ukoo.

"Niliipata kwako," akasema. "Nilikuwa nakutazama unavyokaa na vifaranga."

Nilikasirika, mwenzenu. Hofu yote ile, nimehesabu vidole vya baba kama mwendawazimu, kumbe katunga!

"Sasa ningemwambia mwanangu anaogopa?" akasema. "Angeshuka jioni ileile."

Siku hizi wachimbaji waliowahi kufukiwa wanakuja kwangu kuomba vifaranga, na wanaapa kwamba hii ni mila ya Wakurya tangu zamani. Siwabishii. Nawakalisha ukutani, nawaambia walaze mkono, waongee polepole, wasiangalie. Kama kipande kinabaki chini au hakibaki, mimi sijui. Lakini mikono yao nimeiona.