Mtutu wa Tatu wa Arlys Stromme

Saa tatu kasorobo asubuhi, Arlys Stromme anasimamisha gari kando ya sanduku la barua namba arobaini na moja, anashusha kioo, anafungua kifuniko cha sanduku kwa mkono wa kulia na kukuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Haina bahasha wala stempu. Anaisoma huku injini inanguruma.

"Thelathini-thelathini. Usijitie ujanja. Orrin."

Anachomoa kalamu, anaandika chini yake "Imepungukiwa stempu," anairudisha sandukuni pamoja na bili ya umeme na jarida la mbegu za alizeti, kisha anakanyaga mafuta.

"Kesho itakuwa na stempu," anasema. "Orrin alifundisha hesabu miaka thelathini na minne. Kusahihishwa kunamuuma kuliko jino."

Kesho yake, saa tatu kasorobo, karatasi ni ileile na ina stempu mbili.

Arlys ana miaka hamsini na saba, na kwa miaka ishirini na miwili amekuwa tarishi wa posta katika vijiji vya kusini-magharibi mwa North Dakota. Kila siku isipokuwa Jumapili huzunguka kilomita mia moja arobaini na nane, nyingi za barabara ya changarawe, na kufungua masanduku mia tatu na kumi na mawili. Gari ni lake mwenyewe. Humaliza seti moja ya matairi kila mwaka, na kioo cha mbele hupasuliwa na kokoto mara mbili au tatu.

Tangu Machi, masanduku hayo yamekuwa yakimshauri. Chanzo ni bastola.

Bastola hiyo aliachiwa na baba yake. Hupiga risasi moja tu: unaikunja katikati, unatia risasi kwa mkono, unaifunga, unapiga, unaikunja tena. Sifa yake kubwa ni kwamba mtutu hutoka. Ukichomoa pini moja na kupachika mtutu mwingine, bastola ileile inapiga risasi ya ukubwa mwingine kabisa. Baba yake alimwachia mmoja mdogo wa kuwindia panya wa shambani. Wa pili, wa risasi nyembamba na ya kasi, Arlys aliuagiza mwenyewe miaka tisa iliyopita.

Kwa huo wa pili hushindana kila Jumamosi ya pili ya Septemba, wakati kata nzima inapokutana kupiga wanyama wa bamba la chuma: kuku kumi, nguruwe kumi, bata mzinga kumi, na mwisho kondoo dume kumi waliosimama mita mia mbili. Washindani hulala chali juu ya mkeka, goti limekunjwa, bastola imeegemezwa mguuni. Na kanuni ni moja: mnyama asipoanguka, hukupata kitu, hata kama mlio umesikika mpaka kijiji cha pili.

Mwaka jana Arlys aliangusha kuku wote, nguruwe wote, na bata tisa. Wale kondoo aliwapiga wanane. Wote walilia ngee, na watano wakabaki wima wakimtazama.

"Risasi yangu ni nyepesi," anasema. "Inawabishia hodi tu."

Alipata thelathini na mbili. Shemeji yake, LeRoy Stromme, fundi wa magari, alipata thelathini na tatu. Zawadi ni kondoo mdogo aliyeundwa kwa misumari ya kwato za farasi, na LeRoy hakuridhika kumweka nyumbani kwake. Humleta kila Jumapili kwa kaka yake Duane, mume wa Arlys, na kumweka mezani kati ya viazi na nyama.

"Mpishe kidogo, shemeji," humwambia Arlys. "Naye anataka mchuzi."

"Mwambie aje kwangu akiwa na miguu ya kuangukia."

"Mimi wananiangukia vizuri tu. Tatizo lako, shemeji, ukilala pale chali hatujui kama unalenga au umesinzia."

Hapo ndipo Arlys alipotangaza kwamba atanunua mtutu wa tatu. Alikosea kulitangaza mezani, kwa sababu kufikia Jumatatu mchana habari ilikuwa imemtangulia mpaka sanduku la mwisho.

Kambi ni tatu. Ya kwanza, ya Orrin, inataka thelathini-thelathini, risasi ya babu zao wote, ambayo huku haikosekani chini ya kiti cha gari lolote bovu. Ya pili inataka ile ya milimita saba, ya wastani, isiyo na kelele wala ushabiki mwingi. Ya tatu ni LeRoy peke yake, naye hupiga arobaini na tano-sabini, risasi nene kama kidole gumba, iliyotengenezwa zamani kwa bunduki ndefu za kuwindia nyati.

"Hiyo ndiyo risasi," LeRoy humwambia. "Kondoo haanguki tu, anaomba radhi."

Lakini Arlys ana kifundo kibovu cha mkono. Majira mawili ya baridi yaliyopita alipasuliwa mkono wa kulia, mkono uleule unaofungua masanduku mia tatu na kumi na mawili kwa siku. Alikaa nyumbani wiki tisa. Daktari alimweleza kwa ufupi: risasi ikiwa nene, teke la bastola mkononi ni kubwa, chagua kupeleka barua au kupiga mizinga. Kustaafu bado kuna miaka mitano.

Kwa hiyo alikuwa ameshaamua, ingawa hakumwambia mtu: milimita saba. Alingoja tu mshahara wa Juni.

Kifurushi kilifika kabla ya mshahara. Tarehe ishirini na tatu Mei, akipanga mizigo yake posta, alikuta bomba la karatasi ngumu kutoka karakana ya mitutu, sawa na lile alilolipokea miaka tisa nyuma. Safari hii jina juu yake lilikuwa Duane Stromme.

Siku ya kuzaliwa ya Arlys ni kumi na nne Juni. Hakuhitaji kuambiwa.

"Watu hawajui adha ya mke kuwa tarishi," anasema Duane, mtu mrefu anayefanya kazi kwenye ghala la nafaka na ambaye huongea kama anayelipia kila neno. "Miaka ishirini na miwili sijawahi kumshtua kwa chochote."

Arlys alikitia kifurushi kwenye sanduku la nyumbani kwake, akamaliza mzunguko, akarudi, akakitoa alipokiweka.

"Una mzigo, Duane."

"Ah. Vipuri vya trekta."

Trekta waliliuza miaka sita iliyopita.

Kufungua barua ya mtu mwingine ni kosa, na Arlys hajalitenda tangu aajiriwe. Kupima uzito, kwa upande mwingine, ni kazi yake, na bomba lile alikuwa amelipima kabla halijatoka posta. Kilo moja na gramu themanini. Nyumbani lilikuwepo bomba la zamani. Akaingiza ndani yake mtutu wake wa pili, akajaza karatasi zilezile, akaenda nalo posta kesho yake. Kilo moja na mia tatu.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Mitutu ya karakana ile ina urefu mmoja na unene mmoja kwa nje. Kinachotofautiana ni tundu. Tundu likiwa pana, chuma ni kidogo, na mtutu ni mwepesi. Gramu mia mbili na ishirini pungufu, alipopiga hesabu nyuma ya fomu ya kuhamisha anwani, zilimpa tundu lenye upana wa kidole gumba.

"LeRoy amemteka mume wangu," anasema akikumbuka. "Nilikaa ndani ya gari nikauangalia mkono wangu kama mtu anayemuaga mgeni."

Hakuweza kumuuliza Duane bila kuiua zawadi, na kuikataa hakukumwingia akilini. Alichoweza ni kujiandaa. Kila asubuhi kwa wiki tatu alisimama jikoni akinyanyua dumu la maziwa kwa mkono wa kulia, mara ishirini, akisaga meno. Duane alimtazama huku akinywa kahawa.

LeRoy alipoyaona yale mazoezi alifurahi hadharani. "Umeona, kaka? Anajiandaa kwa risasi ya wanaume! Shemeji, ongeza dumu la pili!"

Siku ya kuzaliwa ilipofika, LeRoy alikuwepo, kondoo wa misumari alikuwepo, na keki ya mabua machachu ya rhubarb ilikuwepo. Arlys alivua karatasi taratibu, uso umeshatengenezwa tabasamu. Akatoa mtutu, akaugeuza, akasoma maandishi ubavuni. Akasoma tena.

Milimita saba.

"Haiwezekani," alisema. "Ni mwepesi mno!"

"Mwepesi kuliko nini?" aliuliza Duane.

Ilibidi akiri mizani na fomu yote. Duane alimsikiliza mpaka mwisho, akainuka, akauleta mtutu wa pili na kuuweka mezani. Chini yake kulikuwa na kishikio cha mbao, na juu yake vilengeo viwili vya chuma. Arlys hakuwahi kuvifungua tangu alipovifunga, miaka tisa iliyopita. Mtutu mpya ulikuwa mtupu.

"Umepima mtu aliyevaa viatu," Duane alisema, "na mtu aliye pekupeku."

Orrin alipoletewa habari hiyo alicheka mpaka akakaa chini, na siku mbili zilizofuata karatasi zake zilifika na stempu bila kukumbushwa.

Lakini Duane naye alikuwa na la kukiri. Alichagua milimita saba kwa sababu tangu majira ya baridi alikuwa akimwona mkewe anafungua mitungi ya kachumbari kwa mkono wa kushoto. Kisha akaliona lile dumu la maziwa. Akaamini amekosea: mke wake anautaka mzinga wa LeRoy, na yeye amemnunulia kitu cha kumhurumia. Alishaandika anwani ya kuurudisha.

"Kwa nini hukuurudisha?" Arlys alimuuliza.

"Ningeurudishaje? Tarishi ni wewe."

Wiki iliyopita, kwenye uwanja wa mazoezi nyuma ya kilima, Arlys alilala chali, akakunja goti, akapiga kondoo kumi kwa mtutu wake mpya. Tisa walilia. Saba walianguka. LeRoy aliyekuwa akitazama kwa darubini aliishusha na kusema upepo ulikuwa unamsaidia.

Jumatatu, kifundo cha mkono kilifungua masanduku yote mia tatu na kumi na mawili bila kulalamika. Katika la arobaini na moja kulikuwa na karatasi: "Sawa. Lakini wa nne uwe thelathini-thelathini."

Arlys anasema wa nne hautakuwepo. Anachotaka ni kondoo kumi chini, Septemba, mbele ya shemeji yake. Barua ya kumwarifu LeRoy aandae zawadi ya kukabidhi ameshaiandika, na ipo kwenye droo ya gari, ndani ya bahasha yenye anwani kamili: sanduku namba mia mbili na saba.

"Stempu nimeshabandika," anasema akirudisha droo kwa mkono wa kulia. "Imepungukiwa kondoo watatu."