Alama ya Ng'ombe Kwenye Randa

Nakumbuka ule mwaka tulikula viazi. Asubuhi viazi, mchana viazi, jioni viazi na sukuma, maana unga ulipanda bei mpaka mbwa wangu akasahau harufu ya ugali. Ndio mwaka walivunja kibanda cha kazi cha Chebet, mjukuu wangu, hapa Boito.

Nikwambie, mwanangu, huyu Chebet ni fundi wa mbao. Watu walicheka, eti mwanamke na randa wapi na wapi. Leo hao hao wanalala kwa vitanda vyake. Mimi sikusoma, lakini mlango uliokaa sawa naujua, na wake unakaa.

Asubuhi ya wizi tulikuta kufuli imekatwa. Randa, msumeno, patasi, drili, vyombo vyake vyote vya kazi vimeenda. Na jirani yetu mjane alikuwa anangojea milango, nyumba iko wazi, mvua inakuja.

"Gogo, mimi narudi kuchuma chai," Chebet akaniambia. Gogo ndiyo bibi kwetu.

Sina ubaya na chai, imenilea. Lakini mtu aende kwa chai akipenda, si kwa kufukuzwa na mwizi.

Kabla ya saa sita akaja kijana mmoja wa boda boda, meno yote nje.

"Gogo, nasikia vyombo viko Sotik. Toa kitu kidogo tu, jioni viko hapa."

"Umejuaje viko Sotik?"

"Nasikia tu, Gogo."

"Basi una masikio ya punda. Changu sikinunui."

Chebet akanivuta leso. "Gogo, tulipe yaishe."

Yaishe wapi? Ukimlipa mwizi leo, umemwandika kazi.

Hapo nikamkumbuka baba mkwe wangu, maana randa ile ilikuwa yake. Nikiwa bibi harusi mchanga, nilimkuta na chuma cha moto, anachoma alama ya ng'ombe wetu kwenye mbao ya randa: mistari miwili na pembe moja. Akaichoma na kwenye mipini ya msumeno na patasi. Nikacheka. Randa itaenda malishoni? Mzee hakuinua hata kichwa. "Ng'ombe bila alama," akasema, "ni wa yule anayemfunga kamba."

Nikashika fimbo nikaenda kituo cha majani chai, pale watu wanangojea lori. Nikaichora ile alama kwa udongo, wote wakaiona. Mama Wanjiru, mwenye duka la misumari, akawapigia simu wenzake wa Sotik, akawaeleza ile alama. Ochieng', fundi wa mitambo kiwandani, akaleta drili yake na msumeno. "Mama, mwambie Chebet aache kulia. Milango inangoja."

Mjane akapata milango yake kabla ya mvua. Na kule Sotik kila aliyeshika ile randa aliona alama, akaiweka chini kama kaa la moto. Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Nani ana wakati wa kuzihesabu? Huyu wetu hakufika huko. Asubuhi moja nikakuta gunia kwa ua: randa, msumeno, patasi. Drili haikuwamo. Hiyo hatukuwa tumeitia alama.

Sasa nisikilize, mwanangu. Tia chombo chako alama kabla mwizi hajatia mkono. Ukiuziwa kitu kwa bei ya bure, jiulize mwenye mali analia wapi, kisha ukiache. Na jirani akiibiwa, usimuulize mbona hakufunga vizuri. Mpe chako afanye kazi kwanza, pole itafuata nyuma. Mungu akupe mikono ya kujivunia, na majirani wa kukushika ukiteleza.

Chebet ana drili nyingine siku hizi, na alama yetu aliichoma mwenyewe. Juzi nimekaa namtazama akipiga randa, yule wa boda boda akasimama tena kwa ua.

"Gogo, ile drili ya zamani bado iko. Kidogo tu."

"Changu sikinunui."