Kumbikumbi na Gari la Harusi

Niliondoka Gulwe asubuhi moja ya mwanzo wa mvua, kwa sababu tu kulikuwa na lori linaondoka. Dereva alikuwa anabadilisha tairi karibu na stesheni, nikamsaidia kukaza nati, na tulipomaliza akaniuliza naelekea wapi. "Huko huko unakoelekea wewe," nikamwambia. Akacheka, akanifungulia mlango. Tangu nilipoacha shule nikiwa mdogo, begi langu halijawahi kuzidi ukubwa wa mto wa kulalia.

Mvua ilitukuta njiani. Tuliingia Dodoma jioni, lori limejaa tope mpaka kwenye kioo, na dereva akasimama mtaa wa Kikuyu, kwenye kijiwe cha kuosha magari. Alioshewa vioo na taa, akaendelea na safari yake ya Singida. Mimi nilibaki, kwa sababu nilikuwa nimeona jinsi mwenye kijiwe anavyopanga taa zake na nikataka kujua kwa nini.

Alikuwa mama wa makamo, kanga kiunoni, mabuti ya mpira miguuni. Banda lake lilikuwa la mabati, wazi pande tatu. Juu kabisa kwenye mbao za paa kulikuwa na balbu mbili, mbali na maji. Chini, kwenye vigoda, alikuwa amefunga taa ndogo mbili za njano zilizoelekea ubavu wa gari, bado hazijawashwa. Katikati alikuwa ananing'iniza taa moja kubwa nyeupe, mpya, akiishika kama sahani ya wageni.

"Hizi za chini ni za nini?" nikauliza.

"Wewe nani kwanza?"

"Mpita njia."

"Haya mpita njia, shika huu waya, na usikanyage maji."

Ndivyo nilivyopata kazi, na majibu pia. Za juu ni za kuoshea. Za chini huwashwa sakafu ikishakauka, wakati wa polishi. Mwanga unaotoka juu hulisifia gari tu, alisema, unalionyesha lote linang'aa. Mwanga wa ubavuni ndio unaofichua mikwaruzo, hata ile myembamba kama unywele. Na kwa nini usiku? Kwa sababu mchana, upepo wa Dodoma hauachi polishi ikauke bila kuimwagia vumbi. Anayelipenda gari lake hulileta jua likishazama.

Gari lililokuwa mbele yetu lilikuwa dogo, jeusi, la zamani sana. Mwenyewe, mzee mwenye kofia ya pama, alikaa pembeni kwenye kiti cha plastiki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Usinitazame mimi, tazama gari."

Kesho yake lilikuwa limpeleke binti yake wa mwisho kanisani. Shemeji yake, kaka wa mkewe, alikuwa ameahidi kuleta gari lake jeupe, jipya, akamwambia mbele ya ukoo kwamba lile jeusi litamtia mtoto aibu. Mzee alikataa. Katika gari lile ndimo alimombeba binti huyo kutoka hospitali siku alipozaliwa, na humo humo alitaka kumtoa nyumbani. Mwishowe walikubaliana kwamba shemeji atapita kijiweni jioni hiyo alitazame. Lisipompendeza, binti atapanda jeupe.

Tuliosha, tukakausha, mama akapaka polishi kwenye boneti. Kisha akawasha taa yake mpya.

Aliinunua kiangazi. Haikuwa imewahi kuona mvua.

Kumbikumbi walikuja kama waliokuwa wakisubiri mlangoni. Waliizunguka taa, wakaangukia kwenye boneti, wakanasa kwenye polishi, mabawa yao yakabaki pale yamebandikana. Mzee alisimama, akavua kofia, akaanza kuwapunga nayo. Mama alishika kichwa. Na mbaya zaidi, majirani wakaiona neema. Wanawake walitokea na mabeseni, wakanyoosha mikono juu ya gari.

"Dada, leo umetukumbuka!"

"Tokeni! Hili ni gari la harusi," mzee alifoka, "siyo kikaango!"

"Sasa mzee, kama hamwataki, si mtuletee taa huku uani kwetu?" akasema jirani mmoja. "Tutawamaliza sisi."

Mama alinitazama, nikamtazama. Tukazima kila kitu, nikavuta ekstensheni mpaka uani kwa jirani, tukaining'iniza taa nyeupe juu ya beseni la maji, kama wanavyowavua kumbikumbi nyumbani kwao siku zote. Ilipowaka, kundi zima lilihama. Sisi tulibaki na zile mbili za njano, chini, na kicheko cha wanawake upande wa pili wa ukuta.

Boneti tuliifuta yote tukaanza upya. Mama alisugua kwa miduara midogo, mimi nikimsogezea kigoda cha taa kila alipohama. Mlango mmoja wa nyuma ulikuwa na mkwaruzo mrefu uliokataa kuondoka.

"Mzee, huu sikudanganyi. Hautoki."

Mzee aliinama, akautazama kwa muda. "Basi atapandia upande wa pili."

Shemeji alifika tukiwa tunamalizia taa za nyuma. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, ametembea kwa miguu kukwepa tope. Alipita mbele ya gari, akampa mzee mkono.

"Haya shemeji, liko wapi hilo kopo lako?"

Mzee alinyoosha tu kidevu. Shemeji aligeuka. Mwanga wa njano ulikuwa umelala ubavuni mwa gari, na yeye mwenyewe alionekana mle ndani ya weusi kama kwenye kioo, tumbo na yote. Alitengeneza kola ya shati lake.

"Langu litabeba mashangazi," akasema.

Mzee alirudi kwenye kiti chake, akacheka bila sauti.

Kulirudisha nyumbani kwenye tope hakukuwa na maana, kwa hiyo gari lilibaki bandani, na mtu akatakiwa kulilinda dhidi ya kuku wa jirani. Mama alinigeukia.

"Mpita njia, unalala wapi?"

"Bado sijajua."

"Umeshajua."

Alinifungulia stoo, akasukuma ndoo pembeni, akatandika mkeka. Mzee aliniachia koti lake la kujifunika. Baadaye jirani alinipitishia sahani ya kumbikumbi waliokaangwa, bado moto, nikala nimekaa mlangoni, mkono wenye mafuta nikiuweka mbali na gari.